Kukaza, Kukodoa na Kutobandua Macho: Tatizo la Kutafsiri "Gaze" na "Stare"

Mwanafunzi wa tafsiri anapokutana na maneno "gaze", "stare", "gape", "glare" na "peer" katika riwaya ya Kiingereza, aghalabu huyatia yote katika chungu kimoja: kukodoa macho. Msomaji ataelewa kwamba mhusika anatazama sana. Hataelewa anatazama kwa moyo gani, na hapo ndipo maneno haya hutofautiana.

"Stare" lina asili katika Kiingereza cha Kale na mzizi wake unahusiana na ugumu. Kijerumani bado kina kivumishi "starr", yaani -kakamavu, isiyopinda. Macho hayo yameganda. Huenda ni ya mshangao, ya ufidhuli, au ya mtu ambaye mawazo yake yako mbali na haoni kilicho mbele yake. Ndiyo maana watoto wa Waingereza hukanywa wasiwatazame wageni hivyo. "Gaze" nalo hudumu vilevile, ila lina utulivu na mara nyingi mapenzi au tafakuri. Mama akimtazama mwanawe mchanga aliyelala, "gaze" lafaa. Mwandishi akiweka "stare" mahali hapo, msomaji huanza kuhofia kwamba mtoto hapumui.

Mengine yana historia fupi. "Gape" lilitoka katika lugha ya Kinorse cha Kale na lilikuwa la kinywa kabla ya kuwa la macho, kama kuachama kwetu. "Glare" lilihusu mwangaza mkali, kisha likahamia kwenye jicho la hasira. "Peer" ni la mtu anayejitahidi kuona gizani au kwa mbali. "Scrutinize" latokana na neno la Kilatini linalohusishwa na matambara na takataka. Kiswahili, kwa kupekua, kinakaribia sana taswira hiyo.

Kiswahili hakikosi rasilimali, bali hufuata njia nyingine. Macho hufanywa kitu kinachoshikwa na kutendwa: hukazwa, hukodolewa, hutumbuliwa (kama jipu!), huangazwa, hupepeswa. Pale Kiingereza kinapotegemea vihusishi, kauli ya kutendea ndiyo humtaja anayetazamwa: kumkazia, kumkodolea, kumtumbulia. Kwa hiyo "stare" la ukakamavu lasadifu kukazia macho, na la mshangao kukodoa au kutumbua. "Peer" ni kuangaza macho. Kwa "gaze", usemi bora pengine ni ule wa kukanusha: hakubandua macho. Ndani yake mna mvuto unaomshika mtazamaji, wala hamna ukali.

Ugumu huzidi "gaze" linapokuwa istilahi ya uhakiki. Michel Foucault alitumia neno la kawaida la Kifaransa, "regard", alipoeleza namna daktari anavyomtazama mgonjwa, katika kitabu kilichotoka mwaka 1963. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1973 ililifanya "gaze". Mwaka 1975 Laura Mulvey alichapisha katika jarida la Screen makala iliyodai kwamba filamu za Hollywood humweka mwanamume katika nafasi ya kutazama na mwanamke katika nafasi ya kutazamwa. Dhana hiyo ilienea kwa jina la "male gaze".

Kuiita "mtazamo wa kiume" ni kumpoteza msomaji. Mtazamo katika uhakiki wa Kiswahili umekwisha kuwa maoni au msimamo, na tasnifu yenye istilahi hiyo itasomwa kana kwamba inachunguza fikra za wanaume. Mulvey alizungumzia kutazama kwenyewe: kwa kamera, kwa hadhira, na kwa wahusika wao kwa wao.

"Jicho la kiume" lafaa zaidi. Wasemaji wa Kiswahili wamezoea jicho la husuda, jicho ambalo humfikia anayetazamwa na kumdhuru; dhana ya kutazama kama mamlaka si ngeni kwao. Tena istilahi hiyo yazaa nyingine bila kulazimishwa: jicho la kamera, jicho la hadhira, jicho la mhusika. Kinachokosekana ni kitenzi. Kwa upande wa mwanamke kauli ya kutendwa yatosha, kwani "anayekodolewa macho" hubeba udhalili unaokusudiwa. Lakini "anayekodoa" huonekana mshamba aliyeshangaa kuliko mwenye mamlaka, na "anayekazia" huonekana ana hasira.