Bibi Grace Ogot, Mtunzi wa Hadithi

Mtu apitaye Kariakoo asubuhi, akitoka Mtaa wa Msimbazi kuingia Mtaa wa Kongo, husikia lafudhi za nchi nzima kabla hajafika sokoni. Huyu Mpogoro, yule Mchaga, huyu Mzaramo aliye kwao, na yule Mjaluo wa Musoma aliyekuja kutafuta riziki. Hata jina la Kariakoo latokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya kwanza, watu walioondolewa makwao ili wachukue mizigo ya wengine. Wakazi wa mahali kama hapo hawana haja ya kufundishwa maana ya kuhama. Basi leo twapenda kuwaelezeni habari za mwanamke aliyetunga kitabu juu ya jambo hilo, tena juu ya watu walioihamia nchi yetu wenyewe. Naye ni Bibi Grace Ogot wa Kenya.

Alizaliwa tarehe 15 Mei 1930 huko Asembo, katika Nyanza, karibu na Ziwa Viktoria. Babaye alikuwa miongoni mwa Wajaluo wa kwanza kupata elimu ya misheni, naye alikuwa akimsomea bintiye hadithi za Agano la Kale. Bibi yake alimsimulia ngano za kabila lao. Mtoto akanywa katika visima viwili, wala hakuona kwamba maji ya kimoja yalikuwa machungu. Alisoma shule za wasichana za Ng'iya na Butere, akajifunza uuguzi katika hospitali ya Mengo, Uganda, toka 1949 hata 1953, kisha akaenda Uingereza kuendelea na masomo ya kazi hiyo.

Huko London, kati ya 1955 na 1958, aliajiriwa na BBC kuandika na kutangaza habari zilizopelekwa Afrika ya Mashariki. Sisi twaiona kazi hii kuwa shule kubwa kuliko zote alizopita. Msomaji wa kitabu akipotea njia hurudi nyuma ukurasa mmoja. Msikilizaji hana ukurasa wa kurudia, na huenda mkononi ana sufuria au mtoto. Mwandishi wa redio hana budi kusema jambo lake waziwazi, mara moja, kwa maneno yanayobebwa na pumzi. Maandishi ya Bibi Ogot yana sifa hiyo hiyo.

Mwaka wa 1959 aliolewa na Bwana Bethwell Allan Ogot, aliyekuja kuwa profesa mashuhuri wa historia. Mwaka wa 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana katika chuo cha Makerere, naye akawasomea hadithi yake moja. Vitabu vya Afrika ya Magharibi vilikuwapo. Vya kwetu vilikuwa haba mno. Hadithi ile ilichapishwa mwaka uliofuata katika gazeti la Black Orpheus, na baadaye ikajulikana kwa jina la The Rain Came.

Lakini njia haikuwa nyeupe. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipopeleka hadithi zake kwa msimamizi wa East African Literature Bureau, watu wa ofisi ile walishangaa. Yawezekanaje mwanamke Mkristo aandike habari za kafara na waganga, badala ya kuandika habari za wokovu? Sisi tuliolelewa na misheni twayafahamu maswali ya namna hii, na haifai tuyacheke upesi, maana wengi wetu tumewauliza wanafunzi wetu vivyo hivyo. Hata hivyo, na tuitazame hadithi yenyewe. Nchi imekauka, na binti wa mtawala, jina lake Oganda, atakiwa atolewe kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Njiani mchumba wake, Osinda, amwokoa, wakakimbia wote wawili. Na mvua yanyesha kwa nguvu. Kafara haikutolewa, na mvua imekuja! Mtunzi hasemi wazee walikosa, wala hasemi walipata. Amuachia msomaji swali hilo, na mahubiri mengi hayafiki hapo.

Mwaka wa 1966 East African Publishing House ilitoa kitabu chake kirefu cha kwanza, The Promised Land. Mwaka huo huo Flora Nwapa wa Nigeria alitoa Efuru, na hao wawili hutajwa pamoja kama watangulizi wa wanawake wa Kiafrika watungao kwa Kiingereza. Kitabu chasimulia habari za Ochola na mkewe Nyapol, walioana juzi tu, wakatoka Seme kwenda Tanganyika kutafuta ardhi na mali. Nyapol hakutaka kwenda, lakini mume alikwisha kata shauri. Walipata mavuno na ng'ombe, wakapata na jirani mganga mwenye kijicho. Ochola akapatwa na ugonjwa wa kutisha, mwili ukamea kitu kama miiba. Hospitali ilishindwa. Mganga mwingine alimponya, lakini ilimlazimu aiache mali yote na kurudi kwao upesi.

Wahakiki wengine humlaumu mtunzi kwa kuyaacha mambo ya uchawi bila maelezo. Kwetu, uzito wa kitabu uko kwa Nyapol. Mwulize mama auzaye chakula kibarazani pale Kariakoo alifikaje mjini. Pengine atakuambia kwamba shauri lilikatwa na mwingine, naye akafunga mizigo.

Vitabu vingine vilifuata: Land Without Thunder mwaka wa 1968, The Other Woman mwaka wa 1976, The Graduate mwaka wa 1980. Ndipo akaigeukia lugha ya mama yake. Miaha, alichokitoa kwa Kijaluo mwaka wa 1983, kilichezwa kama mchezo wa kuigiza huko Nyanza, wakakijua hata wasiojua kusoma. Tafsiri ya Kiingereza ilikuja mwaka wa 1989 kwa jina la The Strange Bride.

Mwaka ule ule wa 1983 aliteuliwa kuwa mbunge, mwaka wa 1985 akachaguliwa na watu wa Gem, akawa pia waziri msaidizi wa utamaduni. Habari za maisha yake aliziandika mwenyewe katika Days of My Life, kilichotoka mwaka wa 2012. Alifariki mjini Nairobi tarehe 18 Machi 2015, umri wake miaka 84.