Uzito wa Gololi za Bunduki ya Kuchezea

Gololi za plastiki za bunduki ya kuchezea kwa kawaida huwa na kipenyo cha milimita 6, lakini uzito wake hutofautiana. Tunakushauri usome maelekezo ya bunduki kwanza, kisha utafute uzito huohuo kwenye pakiti. Pakiti isiyoonyesha uzito, iache dukani.

Bunduki ndogo za springi hutumia gololi za gramu 0.12, zenye nguvu zaidi hutumia gramu 0.20 au 0.25. Gololi nyepesi hutoka kwa kasi lakini hupoteza mwendo upesi, na katika ufukwe wa Mtwara au Mikindani upepo wa kusi huipeleka kando. Iliyo nzito hushika njia yake, na hupiga kwa nguvu hata ikiwa mbali.

Hata hivyo, hakuna uzito ulio salama kwa jicho. Gololi ya gramu 0.20 iendayo mita 100 kwa sekunde hubeba nishati ya juli 1, nayo yaweza kupofusha. Wachezaji na watazamaji wote wavae miwani ya kinga. Jicho likipigwa, lisisuguliwe. Majeruhi afikishwe hospitali mara moja.