Masikio ya paka na sura ya Pikachu: franka zetu zinalipia nini?



Noeli na Bonane zinakaribia, na watoto wameanza kuomba. Zamani waliomba viatu na nguo mpya. Siku hizi, katika nyumba zenye ordinateri, hata kama ni moja tu ya baba au ya mjomba, wanaomba vitu vya kuchezea michezo: kipanya, yaani ile souris, chenye sura ya paka, kaske ya rangi ya waridi yenye masikio juu, maneti yenye picha ya Spider-Man, klavie inayowaka taa za kila rangi. Wamama wengi wa vikundi vyetu wametuuliza kama vitu hivi vina maana, au kama ni kutupa pesa za mchele na mawese.

Tuliazima tulivyoweza kupata kwa wazazi wenzetu na majirani, tukaviunganisha kwenye ordinateri, tukawapa watoto wavitumie, nasi tukaangalia. Tuliona jambo moja kwa kila kitu. Mtoto anafurahia sura kwa dakika za kwanza. Baada ya hapo anashughulika na mchezo wenyewe, na kinachomsaidia au kumsumbua ni kile kilicho chini ya sura. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi tufungue mkakasi tuone.

SURA HIZI NI ZA NANI?

Yule paka mweupe mwenye kipande cha utepe sikioni ni Hello Kitty. Alitengenezwa Japani na kampuni ya Sanrio mwaka 1974, kwa hiyo ana umri wa bibi vijana wa hapa kwetu. Mario, fundi mwenye kofia nyekundu, alionekana mara ya kwanza katika mchezo wa kampuni ya Nintendo mwaka 1981. Pikachu, yule wa njano mwenye mkia kama radi, alitoka katika michezo ya Pokémon, nayo ilianza Japani mwaka 1996. Spider-Man ni mkubwa kuliko wote: alianza katika gazeti la picha huko Marekani mwaka 1962.

Kila sura ina mwenyewe. Kampuni inayotaka kuiweka juu ya kipanya inamlipa mwenye sura, na malipo hayo yanaingia ndani ya bei. Ndiyo maana kipanya cheusi cha kawaida na kipanya cha Hello Kitty vinaweza kufanya kazi sawasawa kabisa, na bei ikawa tofauti sana.

Viko pia vitu vya kuiga. Utavitambua kwa jina lililoandikwa na makosa, kwa rangi inayotoka ukisugua na kidole, na kwa boksi lisilo na jina wala anwani ya mtengenezaji. Shida ya kitu cha namna hiyo ni kwamba hakuna anayesimama nyuma yake. Kikipata moto au kikikatika, huna wa kumrudishia. Ukimnunulia mtoto, muuzaji akubali kwanza kukiunganisha mbele yako.

KIPANYA

Mwambie mtoto aweke mkono juu ya kipanya. Vidole vyake vifike kwenye vitufe viwili vya mbele bila kunyoosha mkono, na kiganja kipumzike. Vipanya vingi ni vya mkono wa mtu mkubwa, na mtoto wa miaka 6 anavisukuma kama pasi ya makaa. Vile vidogo vya watoto ni vizuri kwa sababu ya udogo wao, si kwa sababu ya sura. Kimoja tulichojaribu kilikuwa na masikio ya paka yaliyosimama, nayo yalichoma vidole. Sura iliyochorwa tu, au iliyolala, ni bora kuliko ile inayotokeza.

Kisha uliza: kina waya au hakina? Kisicho na waya kinapendeza, lakini kinakula betri, na kile kipande kidogo kinachochomekwa kwenye ordinateri kikipotea, kipanya kimekufa. Cha waya hakidai betri. Waya wake ukikatika, fundi wa radio anaweza kuuunga. Ile soudure anayotumia ina bati ndani yake, na bati hutoka katika mawe kama yale yanayochimbwa huko Kalima, Kailo na Punia. Ni mali ya Maniema inayozunguka dunia na kurudi kwetu ndani ya vitu vya watoto. Basi tuchague vitu vinavyoweza kutengenezwa, vidumu. Kwa mtoto, sisi tunasema: waya.

KASKE YENYE MASIKIO YA PAKA

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, hasa na wasichana. Kampuni ya Razer ilitoa kaske ya masikio ya paka iitwayo Kraken Kitty mwaka 2019, na leo kuna za namna hiyo za kila bei. Masikio yale ya juu hayasikii kitu. Tunaloomba mama aangalie ni masikio ya mtoto wake.

Sauti inapimwa kwa desibeli. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linashauri kwamba mtoto asisikilize zaidi ya desibeli 75 kwa saa 40 kwa juma. Kwa mtu mkubwa ni desibeli 80. Kila sauti inapopanda desibeli 3, muda huo unakatwa nusu. Kwa desibeli 78 zinabaki saa 20, kwa 81 saa 10, kwa 84 saa 5 tu kwa juma zima. Kaske nyingi za watoto zilizotengenezwa vizuri zimefungwa zisipite desibeli 85, na jambo hilo linaandikwa juu ya boksi. Kaske isiyo na maandishi hayo inaweza kupita hapo mbali.

Hapa Kindu kuna jambo jingine. Jenereta ya jirani ikiunguruma, mtoto anapandisha sauti ili aifunike. Hajui kwamba anaongeza kelele juu ya kelele. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: simama umbali wa mkono mmoja, umwite kwa sauti ya kawaida. Asipoitika, au wewe ukisikia mchezo unaolia ndani ya kaske yake, sauti imezidi. Ipunguze.

Usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi. Sisi walimu tunaona darasani mtoto anayekosa dikte, anayeulizauliza jirani yake, na watu wanamwita mvivu. Mara nyingine si uvivu, ni sikio. Kama hakuna kaske yenye kikomo cha sauti, acheni ordinateri yenyewe iseme kwa sauti ndogo, na nyumba nzima isikie mchezo ni wa namna gani. Na kama kaske inatumiwa na watoto wengi, ipanguseni kila siku kwa kitambaa chenye maji kidogo.

KLAVIE NA TAA

Klavie za michezo zinawaka kama duka la Noeli. Nyumba nyingi za Kindu zinaishi kwa pano ya sola na betri yake, basi tupige hesabu. Tundu la kawaida la USB linatoa volti 5 na si zaidi ya wati 2,5. Kipanya cha kawaida hakifiki hata nusu wati. Klavie yenye taa nyingi inaweza kukaribia zile 2,5. Balbu ndogo ya kusomea inatumia wati 3 au 5. Maana yake, taa za mapambo zinaweza kula karibu nusu ya mwanga ambao mtoto angefanyia kazi ya masomo usiku. Ukinunua, hakikisha kuna kitufe cha kuzima taa hizo.

Jambo la pili ni herufi. Shuleni kwetu tunatumia klavie ya Kifaransa, ile inayoanza na A, Z, E, R, T, Y. Vitu vingi vinavyoingia kutoka nje vina klavie ya Kiingereza: Q, W, E, R, T, Y. Mtoto anayejifunza ya kwanza shuleni na ya pili nyumbani anavurugika vidole. Soma mstari wa juu wa herufi kabla ya kutoa pesa, hata kama kuna Mario amechorwa pembeni.

MANETI

Maneti ina jambo moja zuri: inachezwa na watu wawili wakiwa na mbili, na watoto wanajifunza kungojeana zamu. Lakini si kila maneti inakubali ordinateri. Nyingine ni za mashine moja tu ya michezo. Ijaribuni palepale dukani kwa ordinateri au simu ile itakayotumika. Sukuma zile fimbo mbili za juu: zikisharudi katikati, picha isiendelee kutembea yenyewe. Ikitembea, maneti imechoka kabla ya kuanza.

BETRI NDOGO KAMA KIFUNGO

Jambo hili tunaomba kila mama amwambie mwenzake. Vitu vingine vya sura, hasa vidogo vinavyowaka au kulia, vina ndani yake betri bapa kama kifungo cha shati. Mtoto mdogo akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kumuunguza ndani kwa muda wa saa 2, hata kama haikupasuka. Mahali pa betri pafungwe kwa skrubu. Kama pafunguka kwa ukucha, usikiingize kitu hicho katika nyumba yenye mtoto anayetambaa. Ukidhani mtoto amemeza, usimtapishe, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali mara moja, na useme wazi: ni betri.

NANI ANASHIKA KIPANYA?

Tuliona pia hili. Kaske ya waridi inanunuliwa kwa msichana, maneti na klavie kwa mvulana. Halafu mbele ya ordinateri mvulana anacheza, na dada yake amesimama nyuma yake, amevaa masikio ya paka, anatazama. Picha ni nzuri, lakini anayejifunza ni mmoja. Baada ya miaka michache tutashangaa kwa nini wavulana ndio wanaojua ordinateri. Wekeni zamu kwa saa ya ukutani, na kazi za kuchota maji na kuosha vyombo zigawanywe vilevile, ili zamu ya msichana isiliwe na jiko.

Kwa wadogo sana, OMS inasema: mtoto wa chini ya miaka 2 asiketi mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asipite saa 1 kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi. Kwa wakubwa, masomo na usingizi vitangulie.

SURA ZISIZODAI PESA NYINGI

Kuna programu ya bure iitwayo GCompris, iliyoanza Ufaransa mwaka 2000. Jina lake linatamkwa kama Kifaransa cha kusema «nimeelewa». Ni kwa watoto wa miaka 2 hadi 10, ina michezo zaidi ya 100 ya herufi, hesabu na mafumbo, na ndege penguini ndiye sura yake. Ndani yake kuna mazoezi ya kumfundisha mtoto kushika kipanya. Ikishawekwa katika ordinateri, michezo yake haihitaji intaneti; mtu mmoja anaweza kuipeleka kwa wengine kwa kifimbo cha USB. Ziko pia sura zinazosema Kiswahili: Akili, msichana wa miaka 4 katika katuni za Ubongo, zinazotengenezwa Dar es Salaam.

Na kuna kazi ambayo mikono yetu inaiweza. Kipanya hakitembei vizuri juu ya kioo au meza inayong'aa; kinahitaji kitambaa chini yake. Vipande vya vikwembe vinavyobaki kwa washonaji wetu vinatosha: tabaka mbili, katikati kitu chembamba kigumu, pembeni mshono. Shoneni juu yake sungura, kobe au kiboko wa Lualaba. Shoneni na mfuko wa kulinda ordinateri na vumbi na mvua wakati wa kuvuka kwenda Alunguli. Mtoto atakuwa na kitu chenye sura, na pesa zitabaki katika kikundi.

TUNAVYOSHAURI

Januari inakuja na madeni yake: daftari, unifomu, minervali ya wale wa sekondari. Toeni kwanza hizo pesa, mziweke kando. Kikibaki kitu, nunueni kipanya kidogo cha waya. Ndicho kinachosaidia kucheza na kusoma pia. Cha pili, kaske yenye kikomo cha sauti, ikiwa na masikio ya paka au bila. Maneti ifuate, na familia mbili au tatu zinaweza kuichangia kama likelemba. Klavie yenye taa inaweza kungoja mwaka mwingine.

Mkienda dukani, nendeni na mtoto mwenyewe. Aweke mkono wake juu ya kipanya, avae kaske, nanyi mmwite kwa jina. Akiitika, na vidole vikifika, basi anaweza kuchagua sura anayoipenda.