Gunia la Alfajiri

Biashara ya mitumba haingoji jua. Marobota hufunguliwa Gikomba, jijini Nairobi, kukiwa bado na giza, na anayefika kwanza ndiye hupata kamera, zile nguo safi zinazochaguliwa kabla ya mikono ya wengi kupita. Anayechelewa huachiwa fagia, mabaki ya kuuzwa kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana mchuuzi wa Soko la Toi lililo jirani na Kibera, awe analala Makina, Laini Saba au ng'ambo ya Barabara ya Ngong kule Kawangware, huwa yuko njiani saa kumi alfajiri. Wateja wa Adams Arcade na Woodley wakianza kupita kuelekea kazini, yeye amekwisha kurudi, amepiga pasi ya makaa, ametundika.

Sasa mtazame kwa macho ya afisa wa doria aliyekesha. Anatembea upesi. Amejifunika kofia ya jaketi hadi kwenye nyusi kwa sababu ya baridi ya Julai. Mgongoni ana gunia. Mfukoni ana kisu kidogo au wembe. Noti zake amezikunja ndani ya soksi. Kila baada ya hatua chache anageuka kutazama nyuma.

Kila kitu hapo kina sababu ya kibiashara. Kisu ni cha kukatia kamba za robota. Pesa ziko kwenye soksi kwa sababu njia ya alfajiri ina vijana wa ngeta, na wengi wa wachuuzi hawa wamewahi kukabwa. Anageuka nyuma kwa sababu hiyo hiyo. Anaharakisha kwa kuwa akipoteza nusu saa amepoteza kamera, na akipoteza kamera faida ya siku imekwenda. Mtu anayeogopa mwizi ndiye anayefanana na mwizi machoni pa anayepaswa kumlinda.

Wauza viatu wana tatizo lao. Wapo wanaoanika mguu mmoja tu wa kila jozi, ili atakayenyakua asipate cha kuvaa, na mguu wa pili hukaa gunini. Mfungulie gunia mtu wa namna hiyo usiku: viatu ishirini, vyote vya kushoto. Fundi wa simu naye hubeba simu za wateja sita, hakuna hata moja anayojua neno lake la siri. Kijana wa mjengo anatoka Kibera kwa miguu kwenda Kilimani au Industrial Area akiwa na nyundo, patasi na mtaimbo. Wote hao wako barabarani saa ile ile, wakielekea kazini.

Swali la kwanza huwa moja: "Umetoa wapi hii?" La pili hufuata kabla la kwanza halijajibiwa: "Risiti iko wapi?" Nalo la pili ndilo linalomaliza watu, kwa sababu mitumba ya rejareja haina risiti. Mwagizaji ana karatasi za bandari ya Mombasa. Anayenunua robota zima huenda akapewa risiti. Lakini mama aliyeinama juu ya rundo akachagua blauzi kumi na mbili, moja moja, kila moja kwa bei yake baada ya kubishana, hawezi kuandikiwa risiti na mtu yeyote. Biashara nzima inasimama juu ya kuaminiana kwa sura. Kumdai mama huyu risiti ni kumdai kitu ambacho soko lake halikitoi.

Sheria inampa polisi nafasi ya kuuliza, na hilo ni haki. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu kumsimamisha na kumpekua mtu anayeshukiwa kubeba mali ya wizi. Kifungu cha 29 kinamruhusu kumkamata bila hati anayebeba vifaa vya kuvunjia nyumba pasipo sababu halali, na mzigo wa kueleza sababu hiyo unamwangukia aliyekamatwa. Kifungu cha 323 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayepatikana na kitu kinachoshukiwa kuwa cha wizi akashindwa kuiridhisha mahakama alivyokipata. Lakini shaka inayotajwa humo ni shaka yenye msingi. Maneno hayo ndiyo yanayotenganisha kazi ya polisi na uonevu, na ndiyo yanayosahaulika kwanza giza likiwa bado. Msingi ni jambo lililoonekana au lililoripotiwa: duka limevunjwa, mtu wa sura fulani ametoroka, mali ya aina fulani imepotea. Kutoka Kibera si msingi. Kuwa na gunia karibu na soko la magunia si msingi.

Ukitaka kuthibitisha kwamba tatizo haliko kwenye saa, tembea mtaa wa Kileleshwa alfajiri iyo hiyo. Utakutana na watu wamevaa kofia za jaketi, wanakimbia gizani, wamebana vitu mikononi. Wanafanya mazoezi, na hakuna anayewauliza wanakimbia nini.

Desturi hii ya kumshuku mtu kwa anakotoka ina mizizi mirefu. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920 Mwafrika mwanamume katika Kenya ya mkoloni alilazimishwa kutembea na kipande, alama za vidole vyake zikiwa ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni, na polisi yeyote aliweza kumwamuru akitoe. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, Nairobi ilizingirwa mtaa kwa mtaa, na zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wakikuyu, wakapelekwa vizuizini baada ya kuchujwa kwa haraka. Sheria ya Uzururaji ilidumu hata baada ya uhuru na ikafutwa mwaka 1997 tu, katika mageuzi ya kabla ya uchaguzi wa mwaka ule. Sheria ilifutwa, mazoea ya msako yakabaki.

Kesi iliyoeleza jambo hili vizuri kuliko zote haikutokea Nairobi. Ilitokea Malawi, na kila mchuuzi wa Toi angejitambua ndani yake. Machi 2015 mchuuzi wa mifuko ya plastiki aitwaye Mayeso Gwanda alikuwa akienda kwa miguu kuuza bidhaa yake Limbe, katika jiji la Blantyre. Ilikuwa yapata saa kumi alfajiri. Polisi wakamsimamisha, wakamkamata, akashtakiwa kwa kifungu kinachomwita mtu tapeli na mzururaji kwa kuonekana barabarani katika saa na hali ya kutiliwa shaka. Hakuwa ameiba wala kumgusa mtu. Alikuwa na mifuko ya kuuza na safari ya kwenda sokoni.

Gwanda hakunyamaza. Kwa msaada wa mawakili alipinga kifungu chenyewe, na tarehe 10 Januari 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ikakitangaza kuwa kinyume cha katiba. Kifungu kile kilitokana na Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824, iliyotungwa kuwadhibiti maskini na askari waliokuwa wakirandaranda baada ya vita vya Napoleon. Wakoloni waliisambaza katika makoloni yao, letu likiwemo. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri yaliyoombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika: sheria za namna hii zinakiuka Mkataba wa Afrika, na nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Katiba ya Uganda ikavifuta vifungu vya kwao. Mchuuzi mmoja wa mifuko alianzisha mambo makubwa.

Ninalitaja hili kwa uzito kwa sababu kwetu kosa la kudhani limekuwa likigharimu zaidi ya usiku mmoja selo. Tarehe 21 Desemba 2018 Carilton Maina, kijana wa Kibera aliyekuwa akisomea uhandisi Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, alipigwa risasi na polisi akiwa nyumbani kwa likizo. Polisi walimhusisha na wizi. Jamaa na marafiki walisema alikuwa akirudi kutoka kutazama mpira. Mtu wa Kibera anayerudi usiku kutoka kwenye kibanda cha mpira anajua jinsi hadithi hiyo ilivyo karibu naye.

Kisha kuna Boniface Kariuki. Tarehe 17 Juni 2025 alikuwa akiuza barakoa katikati ya Nairobi, siku ambayo barabara zilijaa waandamanaji. Barakoa huuzika siku ya moshi wa machozi; kwa mchuuzi hiyo ni siku ya soko. Alipigwa risasi kichwani kwa karibu na afisa wa polisi, video ikaonekana nchi nzima, naye akafariki tarehe 30 Juni. Afisa alishtakiwa kwa mauaji. Kariuki alikuwa na umri wa miaka 22, na alikuwa kazini.

Wakati wa kafyu ya korona, iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 na kuwa ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, mgongano huu ulikuwa wazi kuliko wakati mwingine wowote. Robota lilifunguliwa saa ile ile ambayo sheria ilimtaka mchuuzi awe ndani. Tarehe 30 Machi, siku tatu tu baada ya kafyu kuanza, mtoto Yassin Moyo wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa roshani ya nyumba yao, polisi walipokuwa wakiwafukuza watu barabarani chini. Mtoto amesimama kwao.

Wachuuzi wa Toi hawawachukii polisi. Wanawahitaji. Soko limeungua mara kadhaa, wezi hulitembelea, na wafanyabiashara hulipa walinzi wao wenyewe kwa kuchangishana. Lilipoteketea katika vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kilichosaidia kulirudisha ni kumbukumbu za vikundi vya akiba na hesabu ya vibanda ambayo wafanyabiashara walikuwa wameifanya wenyewe pamoja na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda. Nani alikuwa na kibanda wapi lilikuwa jambo linalojulikana na majirani. Ujuzi huo upo hadi leo. Afisa anayetaka kujua kama mwenye gunia ni mchuuzi wa kweli angeuliza kamati ya soko, na angepata jibu kabla chai haijachemka.

Badala yake mtu hupandishwa mariamu, gari la polisi. Katiba inasema katika Ibara ya 49 kwamba aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama, husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata, na hapo ndipo Ijumaa inapokuwa siku ya hatari: anayekamatwa Ijumaa jioni huweza kulala hadi Jumatatu. Jumamosi na Jumapili ndizo siku za mauzo makubwa Toi. Mtu anayejua kwamba atapoteza siku hizo mbili, na huenda na gunia zima, hutoa kitu kidogo na kwenda zake. Hajakiri kosa lolote; amenunua mwisho wa juma wake. Ibara hiyo hiyo inakataza kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Hilo lingepaswa kubandikwa kwenye kila lango la soko, pamoja na lile lingine ambalo polisi wenyewe hulitangaza: dhamana ya polisi ni bure.

Wapo wanaopendekeza wachuuzi wapewe vitambulisho maalumu. Tanzania ilijaribu mwishoni mwa 2018, Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 za huko, akitaka wamachinga waache kusumbuliwa. Nia ilikuwa njema. Lakini kadi ya namna hiyo humlinda aliye nayo kwa kumfanya asiye nayo kuwa mshukiwa, na mama anayeanza biashara leo kwa mtaji wa kuazima hana kadi. Ingeturudisha kwenye kijaluba cha shingoni.

Anayepaswa kubeba karatasi ni afisa. Anapomsimamisha mtu na kulifungua gunia lake, aandike saa, mahali, jina lake mwenyewe na jambo alilolishuku, na maandishi hayo yaingizwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, kama vile malalamiko ya mwananchi yanavyoingizwa na kupewa namba. Mama aliyesimamishwa alfajiri aweze kwenda kituoni mchana na kusomewa sababu hiyo. Na pale ambapo hakuna sababu iliyoandikwa, IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ambayo tumekuwa nayo kisheria tangu 2011, iwe na mahali pa kuanzia kuuliza.