Mpunga wa Kulipia Kiingilio

Juma lililopita mama mmoja jirani yangu aliniletea karatasi ya rangi aliyoachiwa na binti yake. Binti kaolewa karibuni, na mume amemwahidi fungate ya Asia. Karatasi yenyewe ni tangazo la matembezi ya siku moja katika kisiwa cha Bali, nchini Indonesia: gari la peke yenu, dereva wenu, hekalu asubuhi, maporomoko ya maji mchana, na alasiri matuta ya mpunga. Mama alisoma hadi hapo akavua miwani.

"Mwanangu," akaniuliza, "hekalu nimeelewa, maporomoko nimeelewa. Mpunga nao ni wa kulipia kiingilio? Mimi nimelima mpunga Ifakara miaka kumi na minane, na hakuna aliyenipa hata senti kwa kunitazama nimeinama."

Nilicheka. Baadaye nikaona kwamba swali hilo lastahili kujibiwa hapa hewani, kwa maana jibu lake ni refu kuliko tangazo.

Bali si kisiwa kikubwa. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 5,780, yaani zaidi ya mara tatu ya Unguja, na wakazi wake wamepita milioni 4. Indonesia ni miongoni mwa nchi zenye Waislamu wengi kabisa duniani, lakini watu wa Bali walio wengi wanafuata dini ya Kihindu, kwa namna yao wenyewe. Ukifika ufukweni utaona vyombo vya wavuvi vyenye matengo mawili, moja kila upande, na utadhani umeona ngalawa. Hukukosea sana. Wataalamu wengi wanaamini kwamba ufundi wa ngalawa zetu ulivuka bahari kutoka pande hizo za Indonesia zamani za kale.

Kisiwa hiki kinaishi kwa wageni. Mwaka 2019 walifika wageni wa nje zaidi ya milioni 6. Mwaka 2021, wakati wa korona, waliohesabiwa mwaka mzima hawakufika mia moja. Mwaka 2024 wakarudi tena zaidi ya milioni 6. Basi fikiria wenye magari ya kukodi walivyoishi katikati hapo.

Na gari la kukodi ndilo lenyewe. Mgeni hukubaliana na dereva kwa siku, saa nane hadi kumi, na dereva huyo huwa pia ndiye mwongozaji. Ukitaka kumwita kwa adabu ya kwao mwite "Bli", yaani kaka. Kabla ya kupanda, ulizeni kama bei ina petroli, maegesho na viingilio, au ni kiti tu. Mkumbuke pia kwamba tangu Februari 2024 kila mgeni wa nje hulipa ushuru wa rupia 150,000 anapoingia kisiwani. Tena msikubali tangazo linaloahidi kisiwa kizima kwa siku moja. Barabara ni nyembamba na magari ni mengi. Anayetaka kuona mashariki na magharibi atakayoona ni mgongo wa lori. Chagueni upande mmoja. Na kama dereva atasisitiza kuwapeleka kwenye kahawa ile iliyopitia tumboni mwa mnyama wa jamii ya fungo, jueni kwamba aghalabu ana chake pale, na kwamba wanyama wenyewe mara nyingi wamefungiwa vizimbani.

Mimi ningemshauri binti achukue upande wa Gianyar, kuzunguka mji wa Ubud, kwa sababu pale hekalu, maporomoko na mpunga viko karibu karibu. Kuna sababu nyingine iliyo kubwa zaidi. Vitu hivyo vitatu, ambavyo tangazo limevipanga kama bidhaa tatu dukani, kwa kweli ni kitu kimoja. Ni maji.

Asubuhi mtafika Tirta Empul, huko Tampaksiring. Mtafungwa shuka kiunoni, kama msuli, wanaume kwa wanawake. Na wanawake walio katika siku zao huombwa wasiingie. Hekalu hili lilianzishwa mwaka 962, juu ya chemchemi inayobubujika kutoka mchangani. Maji yanapita kwenye vinywa vya mawe na kumwagika birikani, na watu hupanga foleni wakaoga kichwa chini ya kila kinywa, kimoja baada ya kingine. Kuna vinywa viwili ambavyo haviogwi, kwa kuwa maji yake ni ya ibada za maiti. Wageni wasioambiwa hujitosa humo humo.

Wenyeji wanasimulia kwamba palikuwa na mfalme mchawi, Mayadenawa, aliyekataza watu wasiabudu. Mungu Indra akaja na jeshi. Mfalme akayatia maji sumu, askari wakafa. Indra akachoma ardhi, chemchemi hii ikatoka, wakafufuka. Mfalme alipouawa, damu yake ikawa mto Petanu, nao ukalaaniwa miaka elfu moja: mpunga utakaonyweshwa maji yake utatoka damu siku ya kuvunwa. Angalieni, hata laana yao ni laana ya mpunga.

Wageni wengi hugeuka na kuondoka baada ya kupiga picha birikani. Wangefuata maji mpaka chini wangeona kwamba hayakomei hekaluni. Yanatoka yakaenda kwenye mto Pakerisan na katika mifereji, yakanywesha majaruba ya vijiji vya bonde lile. Shirika la UNESCO linasema umwagiliaji wa bonde hilo ndio mkongwe kuliko wote unaojulikana Bali.

Maporomoko sitayasemea sana. Picha yake mmekwisha kuiona. Yale ya Tegenungan yako katika mto huo huo Petanu wa laana. Nendeni mapema, vaeni viatu visivyoteleza, na katika miezi ya mvua, Novemba hadi Machi, msitarajie maji meupe. Lakini mkiwa mmesimama chini pale, inueni macho. Mto uko shimoni, na mashamba yako juu sana. Bali ni kisiwa cha volkano, na mito yake imechimba mabonde marefu yenye kuta wima. Mkulima hawezi kuteka maji hayo kwa ndoo. Ilibidi wazee waende mbali, juu mtoni, wajenge banio, kisha wayalete maji kwa mifereji na kwa mapango waliyoyatoboa ndani ya mwamba, mpaka yatokee juu ya mashamba. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja, wala na kijiji kimoja.

Na hapa ndipo tunafika kwenye mpunga wa Mama.

Kila kundi la wakulima wanaokunywesha kwa chanzo kimoja cha maji ni chama, nacho huitwa subak. Vyama hivyo viko karibu 1,200, kila kimoja kina wakulima kati ya 50 na 400. Kina mkuu wake, mikutano yake, faini zake, na hekalu lake dogo pale maji yanapoingia shambani. Maji hugawanywa kwa gogo lililochongwa pengo, lililolazwa mferejini: pengo la upana huu ni la huyu, la upana ule ni la yule. Hakuna mita wala karani. Kila apitaye anaona kwa macho kama mtu amechonga pengo lake usiku.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini. Anayejua kilimo cha mfereji anajua kwamba wa juu ndiye mfalme. Maji yanamfikia yeye kwanza. Akiamua kuyafunga, wa chini atafanya nini? Basi kwa nini wakulima wa juu wa Bali, kwa mamia ya miaka, wamekubali kumwachia wa chini fungu lake?

Wenyewe watakuambia ni amri ya mungu wa kike wa ziwa Batur, mwenye maji yote, ambaye hekalu lake kuu liko juu kwenye ukingo wa ile volkano. Lakini pana hesabu ndani ya amri hiyo. Adui mkubwa wa mpunga ni wadudu na panya, na hao hawajali nani yuko juu na nani yuko chini. Kama wa juu atapanda leo, na wa chini akangoja maji miezi miwili ndipo apande, basi daima patakuwa na shamba moja bichi bondeni. Wadudu watamaliza hapa na kuhamia pale, mwaka mzima, hawalali njaa hata siku moja. Lakini wakipanda pamoja, wakavuna pamoja, na mashamba ya bonde zima yakafurikishwa maji yakapumzika kwa wakati mmoja, mdudu hukosa chakula akafa. Kwa hiyo wa juu anampa wa chini maji, na wa chini anamlipa wa juu kwa kupanda siku moja naye. Hekalu la maji ndipo kalenda hiyo inapopangwa, na sikukuu za mpunga ndizo zinazowaita watu kwenye kila hatua ya kazi.

Serikali haikuliona hilo, wala wataalamu wake. Miaka ya 1970 ilikuja mbegu mpya, fupi, yenye kukomaa upesi, pamoja na mbolea za viwandani na dawa za kuua wadudu. Nia ilikuwa njema: Indonesia ilikuwa ikiagiza mchele mwingi kutoka nje. Wakulima wakaambiwa wapande mara nyingi kadiri wawezavyo, kila mtu na wakati wake, na mambo ya mahekalu wayaache kwenye dini. Mavuno ya kwanza yalikuwa mengi. Halafu kalenda ikavunjika, na wadudu wakaja. Kwanza mdudu mdogo wa rangi ya kahawia anayefyonza shina. Ikaletwa mbegu inayomshinda mdudu huyo, ikaangushwa na ugonjwa mwingine wa virusi uitwao tungro. Dawa zikanyunyizwa, zikaua samaki wa majarubani na wale wadudu wema wanaowala wabaya. Mwaka 1986 Rais Suharto alipiga marufuku aina 57 za dawa katika mpunga wa nchi nzima.

Wakulima wa Bali walikuwa wamekwisha kuanza kudai kalenda yao. Mmarekani mmoja, J. Stephen Lansing, mtaalamu wa mila za watu, alikuwa akiyachunguza mahekalu hayo. Yeye na mwenziwe James Kremer, mtaalamu wa mazingira, wakaingiza kwenye kompyuta vyama 172 vya mito ya Oos na Petanu, pamoja na mvua, maji ya mto, mpunga na wadudu. Wakaijaribu kila namna: kila chama kipande kivyake, wote wapande siku moja, na namna za katikati. Kila chama kivyake, wadudu walikula. Wote siku moja, maji hayakutosha. Palipotoa mavuno mazuri kupita pengine ni pale katikati, na katikati hiyo ililingana na mipango ya mahekalu. Kitabu cha Lansing kikatoka mwaka 1991. Makuhani hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na miaka mia kadhaa ya kukosea na kusahihisha.

Mwaka 2012 UNESCO iliyaandika mashamba hayo, hekta 19,500 pamoja na mahekalu yake, katika orodha ya urithi wa dunia. Matuta maarufu ya Jatiluwih yamo. Heshima imekuja, na mabasi yakaifuata.

Hapo ndipo ninapoona mashaka. Mgeni anakuja kwa sababu ya mpunga, lakini anahitaji chumba, bafu, na siku hizi bwawa la kuogelea la peke yake. Vyote vinataka maji yale yale na ardhi ile ile. Bei ya viwanja ikipanda, kodi ya ardhi inaifuata, na mkulima aliyezungukwa na nyumba za wageni anatozwa kana kwamba naye ana hoteli. Mmoja akiuza jaruba lake la juu, ukuta ukajengwa juu ya mfereji, wa chini yake wote wamekatiwa maji, ingawa wao hawakuuza kitu. Na kalenda ya kupanda pamoja haifanyi kazi pale ambapo nusu ya majirani ni mapokezi ya hoteli.

Huko Tegallalang, kituo cha mwisho cha tangazo letu, mtakuta bembea ndefu za kupigia picha na mikahawa iliyojipanga ukingoni. Mwenye bembea anaweza kupata pesa nyingi kuliko za mpunga wake. Jirani yake asiye na bembea bado anatunza tuta lile lile linaloonekana katika picha. Ndiyo maana, mkishuka katikati ya majaruba, mtamkuta mzee amekaa penye kijidaraja cha mianzi na kisanduku cha sadaka. Wageni wengine hukasirika: tumelipa pale juu, na huyu naye? Mimi ningesema mpeni. Kiingilio cha juu si lazima kimemfikia, na tuta mnalolikanyaga bila shaka alilikandika yeye.

Hayo ndiyo niliyomjibu Mama. Alinyamaza kidogo, akasema wa juu na wa chini anawajua, na panya pia anawajua. Binti wanasafiri mwezi ujao. Mama hataki picha ya bembea. Amemwagiza ampigie ile ya gogo la kugawia maji, tena kwa karibu, ili mapengo yaonekane.