Mkono Unaokatika Si Ulioshika Mpini

Filamu ya First Blood ilipotoka mwaka 1982, moja ya vitu vilivyowaacha watazamaji midomo wazi kilikuwa kisu. Kilifuliwa na Jimmy Lile, mfua visu wa Arkansas nchini Marekani: bapa refu lenye meno mgongoni, mpini wenye uvungu ndani, na pale bapa linapokutana na mpini, kipande cha chuma kilichokingama huku na huku, ncha zake zimechongwa zitumike kama bisibisi. Rambo akapita kwenye vibanda vya video vya Afrika Mashariki, na Tanzania akaacha jina lake hadi kwenye mifuko ya plastiki. Akaacha pia imani ambayo wauza visu wanaitegemea mpaka leo: kwamba kisu cha maana, hasa cha kwenda nacho porini, lazima kiwe na kinga ya vidole.

Imani hiyo haijaulizwa maswali ya kutosha.

Kinga ya kisu cha kazi ina jukumu moja: kuuzuia mkono ulioshika mpini usiteleze mbele ukapanda juu ya makali. Na mkono hautelezi mbele bure. Huteleza pale mtu anapochoma, anapokisukuma kisu kwa ncha. Ncha ikigota kwenye mfupa au ubao mgumu, kisu husimama ghafla, lakini mkono unaendelea na safari, na vidole vinaishia kwenye makali. Anayekata hana tatizo hilo. Akishusha makali juu ya kitunguu au akiyavuta kwenye mnofu, nguvu yake inakwenda chini au inarudi nyuma. Kwake kinga iwepo isiwepo, mambo ni yale yale.

Ndiyo maana kinga imezoeleka zaidi kwenye visu vya vita. William Fairbairn na Eric Sykes, waliowahi kutumikia polisi ya Shanghai, walibuni kisu cha makomando wa Uingereza kilichoanza kutengenezwa mwaka 1941. Kina makali pande zote mbili, kimekusudiwa kuchoma, na kinga yake ya chuma imekaa kati ya mkono na bapa. Mwaka uliofuata wanajeshi wa Marine wa Marekani wakapewa kisu kinachojulikana kwa jina la Ka-Bar, nacho kina kinga. Vita vilipokwisha, umbo hilo likahamia kwa wawindaji na watu wa kambi, na kutoka hapo kwenye sinema.

Visu vya kazi vina historia nyingine kabisa. Wafini wana puukko, kisu kifupi ambacho kwa karne nyingi kimechonga miti, kimechuna wanyama na kutoa matumbo ya samaki katika nchi ya baridi na theluji. Puukko la asili halina kinga. Jirani zao Waswidi wana visu vya mji wa Mora, vinavyofuliwa viwandani tangu mwaka 1891, na kile maarufu chenye mpini mwekundu wa mbao huuzwa bila kinga. Sababu anaijua mchongaji yeyote: sehemu ya makali iliyo karibu na mpini ndiyo yenye nguvu, na vidole lazima viikaribie. Chuma kikikaa hapo kinamsogeza mbali na kazi yake, na kinamsumbua kila anaponoa, kwa kuwa kinoo hakifiki hadi mwisho wa makali.

Huku kwetu hali ni hiyo hiyo. Sime ya Wamaasai, yenye bapa linalopanuka kuelekea ncha na mpini uliovikwa ngozi, haina kinga. Jambia la Oman, lile lililomo kwenye bendera ya nchi hiyo na linalofahamika vyema Zanzibar na Mombasa, nalo halina chuma cha kukingama, ingawa ni silaha. Lakini ukiutazama mpini wake utaona umepanuka juu na chini na kubanwa kiunoni. Mkono hukaa kwenye kiuno hicho, na upana wa chini unauzuia usishuke. Fundi aliitia kinga ndani ya umbo la mpini wenyewe.

Panga linastahili maneno zaidi, kwa sababu ndicho chombo cha makali kinachofanya kazi nyingi kuliko vyote mashambani. Mtu anapofyeka, panga halitaki kuurudia mkono, linataka kuruka mbele litoke mkononi. Kinga ya mbele ingekuwa mzigo tu. Kinachohitajika ni kizuizi cha nyuma, na ndicho kilichopo: kitako cha mpini kimepinda au kuvimba, kidole kidogo kikapata mahali pa kushikilia. Mbao za mpini zikilegea, wakulima huufunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, na mpira huo hushika hata mkono ukiwa na jasho. Ukilinganisha na visu vya dukani vyenye kinga inayong'aa na mpini laini wa plastiki unaoteleza, mkulima amelielewa tatizo vizuri zaidi.

Sasa jikoni, ambako watu wengi hushika kisu kila siku. Mtazame mama anayekata sukuma wiki kwa mtindo wa nyumbani. Anayakusanya majani, anayakunja yawe bunda moja, analibana kwa mkono wa kushoto hewani, bila ubao. Kisu kiko kulia. Makali yanapita kwenye bunda yakielekea kwenye dole gumba la kushoto, na vipande vyembamba vinadondoka kwenye sufuria. Bunda linapungua, vidole vinarudi nyuma kidogo kidogo bila yeye kuangalia, huku akizungumza na jirani. Kitunguu na nyanya hukatwa vivyo hivyo, kiganjani. Siku kisu kitakapoteleza, kitakachoumia ni kidole cha kushoto. Kinga iliyo kwenye mpini, upande wa kulia, itakuwa salama salimini.

Muuza madafu naye yuko hivyo: dafu kushoto, panga kulia, na mapigo yanashuka sentimita chache kutoka kwenye vidole vilivyolishika. Na parachichi limekuwa kesi mashuhuri huko ng'ambo. Watu hulikata kiganjani, kisha hulichoma kokwa kwa ncha ili kuling'oa. Watafiti wa Marekani walikadiria kuwa kati ya mwaka 1998 na 2017 majeruhi zaidi ya 50,000 walifika kwenye vyumba vya dharura vya nchi hiyo kwa visu vilivyokuwa vikikata parachichi, na mkono ulioumia mara nyingi ulikuwa wa kushoto. Mwigizaji Meryl Streep alionekana hadharani mwaka 2012 akiwa na bendeji mkononi kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 2017 madaktari wa upasuaji wa Uingereza walifika mahali pa kupendekeza maparachichi yabandikwe onyo.

Viwanda vya nyama vililitambua hili zamani. Mfanyakazi wa machinjio ya kisasa huvaa glavu ya vipete vya chuma kwenye mkono usioshika kisu.

Hata hivyo, zipo kazi zinazostahili kinga kweli. Ya kwanza ni kutenganisha nyama na mfupa. Hapo kisu huingizwa kwa ncha, hugota kwenye viungo, na mkono umejaa mafuta. Visu vingi vya kazi hiyo vina mpini wa plastiki ya kukwaruza wenye kidomo kinachoshuka mbele ya kidole cha shahada. Hakivutii kama chuma cha Rambo, lakini kinafanya kazi ile ile. Ya pili ni samaki. Anayepara na kupasua samaki pale soko la Feri, Dar es Salaam, mikono yake ina maji na utelezi saa zote, na kila tumbo hufunguliwa kwa kuanza na ncha. Kufungua chaza ni hivyo hivyo. Ya tatu ni watoto na wanaojifunza: kisu cha skauti kinachotengenezwa Mora kina kinga pande zote mbili za mpini, na toleo lake moja lina ncha butu. Hilo ni jambo la busara, maana mtoto bado hajajua nguvu ya mkono wake inakwenda wapi.

Kisu kipana cha mpishi hakihitaji kipande cha ziada, kwa sababu kisigino cha bapa hushuka chini ya mpini na kuwa ukuta. Zaidi ya hapo, wapishi waliosomea kazi hulibana bapa lenyewe kwa dole gumba na kidole cha shahada, mbele kabisa ya mpini. Ukiwapa kinga utawaharibia mshiko.

Kwa kisu cha kukunja, ambacho ndicho watu wengi husafiri nacho, suala kubwa ni komeo. Bapa lisilokomewa likisukumwa kwa mgongo hujifunga juu ya vidole, na kinga haizuii hilo. Kampuni ya Opinel ya Ufaransa, ambayo visu vyake vya mpini wa mti vilianza mwaka 1890, iliongeza pete ya kukomea bapa mwaka 1955, na haikuona haja ya kuweka kinga.

Anayenunua kisu basi ana swali moja la kujiuliza kabla ya kulipa: kazi yake ni ya kukata au ya kuchoma? Kama ni ya kuchoma na mikono itakuwa na maji, damu au mafuta, atafute mpini wenye kidomo au kinga. Kama ni ya kukata, pesa ya kinga inunue ubao wa kukatia na kinoo. Kisu butu kinadai nguvu, na nguvu ndiyo inayokitelezesha. Asiyejua kunoa anaweza kumsubiri mnoa visu wa baiskeli anayepita mtaani. Dukani, akishike kisu kwenye mpini, bapa likiwa ndani ya ala na mkono ukiwa umeloa maji, asukume ncha kwenye meza. Mkono ukitembea kwenye mpini, akirudishe kisu.

Ajali ikitokea, udogo wa jeraha usimdanganye mtu. Kila kidole, isipokuwa dole gumba lenye moja, kina kano mbili za kukikunja, na mishipa ya fahamu imepita kila upande wake, karibu sana na ngozi. Kano iliyokatika hurudi nyuma kuelekea kiganjani, na kadiri siku zinavyopita ndivyo inavyokuwa vigumu kuiunganisha. Baada ya upasuaji mkono huhitaji wiki kadhaa za banzi na mazoezi. Mtu abane kidonda kwa kitambaa safi, ainue mkono, kisha ajaribu kukunja ncha ya kidole na kuigusa. Ikiwa haikunjiki, au imekufa ganzi, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama damu imeshakata, na aulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda.