Neno «eventually» kwa Wasemao Kireno

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowapotosha wasemao Kireno, wawe wa Lisboa, Luanda au São Paulo, kielezi «eventually» kina nafasi ya pekee. Makosa mengine huchekesha tu; hili hugeuza ahadi kuwa shaka.

Kireno kina neno «eventualmente», lenye asili ileile ya Kilatini, «eventus», yaani tukio au matokeo. Lakini kila lugha imelielekeza upande wake. Kireno kilishika upande wa tukio: jambo laweza kutokea au lisitokee. Kwa hiyo «eventualmente» ni labda, pengine, ikitokea; na huko Brazili hata mara mojamoja. Kiingereza kilishika upande wa matokeo: jambo litatokea, au limekwisha kutokea, ila baada ya muda, na mara nyingi baada ya taabu au kusitasita. Sisi tungesema hatimaye, au mwishowe.

Tuchukue sentensi «They will eventually pay». Mwingereza asikia: watalipa, ingawa watachelewa. Msemaji wa Kireno, akiongozwa na sura ya neno, asikia: huenda watalipa. Mdai aliyesoma hivyo aweza kukata tamaa ya haki yake. Naye mdaiwa aliyeliandika kwa nia ya kusema labda amekwisha kujifunga bila kujua.

Basi lifasiriweje? «Finalmente» hufaa mara chache, kwani huelekea kubeba hisia ya faraja, kana kwamba jambo lilingojewa kwa hamu. Kwa maoni yetu, tafsiri bora haimo katika vielezi, bali katika kitenzi «acabar»: «She eventually agreed» huwa «Ela acabou por aceitar», Wabrazili hupenda «acabou aceitando». Anayetafuta neno kwa neno hataiona njia hii.

Kivumishi nacho chataka tahadhari. «Eventuais danos» katika mkataba wa Kireno ni hasara yoyote iwezayo kutokea, wala si «eventual damages». Kiingereza husema «any damage that may arise».

Msomaji wa Kongo asiwacheke wasemao Kireno. Neno «éventuellement» la Kifaransa, lugha tunayosomea, liko upande wao. Nasi tufasiripo Kiingereza kwa Kiswahili kwa kupitia Kifaransa, «hatimaye» hugeuka «pengine» mikononi mwetu.